Nani Akatwe Kwanza?

"Pesa haijaingia" ni sentensi isiyo na mwenyewe. Anayeisema pale dirishani si yeye aliyeikata hiyo pesa. Aliyeikata hayuko dirishani. Na shosho aliyelipa boda hadi kwa wakala wa benki anarudi nyumbani bila kujua amlalamikie nani. Hebu tukae na hiyo sentensi kidogo, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo mhasibu hawezi kutujibia: serikali ikiishiwa, nani ana haki ya kukatwa mwisho?

Tuchukue Inua Jamii. Mpango huu unawapa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee wa miaka 70 na zaidi, watu wenye ulemavu mkubwa, na familia maskini zinazolea mayatima. Kwa wengi wetu mjini hizo ni pesa za Ijumaa moja usiku. Kwa mzee asiye na mtoto wa kumtumia kitu, ni unga, mafuta taa na dawa ya presha.

Sasa tumtunge afisa mmoja wa huduma za jamii, ili tufikirie pamoja. Ana majina 100, kwa hivyo anahitaji 200,000 kila mwezi. Mwaka huu anaambiwa atapata 160,000. Afanye nini?

Njia ya kwanza: alipe watu 80 pesa zao kamili na aondoe 20. Lakini 20 gani? Kwenye karatasi, ni wale wenye shida ndogo zaidi. Kwa hali halisi, huwa ni wale walio rahisi kuondoa: aliyepoteza kitambulisho, ambaye alama zake za vidole zimeliwa na jembe, asiye na mjukuu wa kwenda kumpigania kwa chifu.

Njia ya pili: alipe wote 100, kila mmoja 1,600. Inaonekana haki, si ndiyo? Wote wameumia sawa. Ila hawajaumia sawa. Kuna mwenye binti Nairobi anayetuma kitu kila mwisho wa mwezi, na kuna ambaye hizo 400 zilikuwa dawa. Hii hesabu ya "kila mtu apunguze asilimia fulani" ndiyo hutumika hata kati ya wizara, na huko ni mbaya zaidi, kwa sababu safari ya kigogo ikipunguzwa kwa asilimia 20 bado ni safari. Mlo mmoja kwa siku hauna mahali pa kupunguzwa.

Njia ya tatu haiitaji hata mkutano. Achelewe tu. Katika kila miezi kumi, alipe minane. Hakuna aliyeondolewa kwenye orodha, hakuna kiwango kilichoshushwa, hakuna barua iliyosainiwa. Ni "pesa haijaingia" tu.

Kwangu, hii ya tatu ndiyo chafu kuliko zote, hata kama shilingi zinazookolewa ni zile zile. Njia mbili za kwanza zinaumiza, lakini kuna mtu ameamua, na aliyeamua anaweza kuulizwa. Kuchelewesha kunakata halafu kunajificha. Mzee anakopa dukani akingojea mwezi huu, kisha ujao, na deni linakua juu ya ahadi ambayo mtu fulani ofisini alishajua haitatimizwa. Amenyimwa pesa, na amenyimwa pia nafasi ya kujipanga.

Katiba yetu ya 2010 iliona hii michezo ikija. Kifungu cha 43 kinasema serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Na Kifungu cha 20 kinaongeza kitu ambacho wengi hatukijui: serikali ikidai haina uwezo wa kutimiza haki hizo, ni jukumu lake kuonyesha kwamba kweli haina. Shosho hadaiwi ushahidi. Tena inapogawa kilichopo, lazima izingatie walio katika hali dhaifu.

Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 214, inaweka deni la umma moja kwa moja juu ya Hazina. Anayetudai haambiwi "rudi wiki ijayo." Kuna sababu: nchi isiyolipa madeni hukopa kwa bei ghali zaidi kesho. Lakini tuseme ukweli, tayari kuna foleni, na kuna waliowekwa mbele. Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua. Basi na kubana matumizi ni kuchagua.

Kuna watakaotugeukia sisi. Juni 2024 mliingia barabarani, Mswada wa Fedha uliotarajiwa kuleta shilingi bilioni 346 hivi ukaanguka, Rais akatangaza mpango wa kukata bilioni 177. Mlikataa ushuru, sasa mnataka huduma? Hoja hii ina uzito, na tusiikimbie. Huduma hazitoki mbinguni. Lakini mzee wa 2,000 pia hulipa VAT ya asilimia 16 akinunua sabuni. Yeye ni mlipa ushuru kama wewe. Na anayekataa kutozwa zaidi hajasema kwamba wa kukatwa awe yeye.

Tumewahi kupita hapa. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada hospitalini, sera iliyoitwa kugawana gharama. Wagonjwa walipungua. Mwaka uliofuata ada ya wagonjwa wasiolazwa ikasitishwa kwa muda. Huo ndio mtego wa kubana matumizi: foleni fupi inaweza kuonekana kama mafanikio, kumbe watu wamebaki nyumbani na ugonjwa wao. Januari 2003, karo ya shule za msingi ilipoondolewa, watoto zaidi ya milioni moja walijitokeza. Walikuwa hapo miaka yote.

Kwa hivyo yule afisa wetu tumwambie nini? Hawezi kuzalisha 40,000 zilizokosekana. Anachoweza ni kukataa kuitumia ile sentensi. Abandike ukutani kiasi alichoomba, kiasi alichopewa, aliyeamua, na tarehe ambayo pesa zitafika kweli. Pengine atapata shida na wakubwa wake kwa hilo. Na sisi wenye bando na muda, tunaojua kusoma bajeti tukitaka, tuache kuuliza kama pesa ipo. Tuulize imeenda kwa nani kwanza.