Mgeni wa Siku Moja

Kupanga matembezi ya siku moja kisiwani ni kazi inayoonekana haina dhambi. Unafungua kundi la WhatsApp, unaandika tarehe, unataja kiasi, unaweka namba ya M-Pesa. Nani ataumia hapo? Watu wanaenda kuona ndege na maji, jioni wanarudi nyumbani wakiwa wamechomwa na jua, basi.

Kundi letu la Nyamira lilianza na picha. Mtu alituma katamarani nyeupe imetia nanga huko Zanzibar, chombo chenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sakafu moja, watu wamelala kwenye wavu wa mbele kama wako kwa sebule yao. Chini akaandika: "Sisi lini?" Wengi wetu ni walimu wa BOM, waendesha boda, vibarua wa majani chai na wawili watatu wanaohangaika Nairobi. Hesabu ya nauli ya kufika Mombasa peke yake iliua ndoto ya Zanzibar kabla ya saa sita. Ndipo mwingine akakumbusha kwamba sisi pia tuna maji yetu. Ukishuka kutoka Nyamira kupitia Ikonge, Chabera, Sondu na Ahero unafika Kisumu asubuhi ikiwa bado mbichi, na magharibi ya Kisumu, ndani ya Ghuba ya Winam, kuna Kisiwa cha Ndere. Katamarani hakuna, lakini boti ya mbao yenye injini ipo.

Ndere ni kidogo, kilomita mraba 4.2 tu. Mwaka wa 1986 serikali ilikifanya mbuga ya taifa. Kuna swala pala, pundamilia, tumbili, kenge wanaoota jua, na pembeni viboko na mamba. Kwa Kijaluo jina lake husemwa kuwa na maana ya mahali pa kukutania. Hapo kundi likachangamka. Mjadala wa siku tatu uliofuata ndio uliozaa swali la insha hii: anayepanga anadaiwa nini, na nani?

Waswahili walishasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa sana kumchamba mgeni mvivu, lakini ndani yake kuna falsafa nzima ya ukarimu. Inakubali kwamba kila mgeni ni mzigo. Chakula anachokula kimelimwa na mtu, kitanda anacholalia kimemhamisha mtoto wa nyumba. Siku mbili za kwanza wenyeji wanaubeba mzigo huo kwa furaha. Siku ya tatu mgeni anashika jembe, na kuanzia hapo yeye ni mmoja wao. Sasa angalia matembezi ya siku moja. Tunafika saa tatu, tunaondoka saa nane. Kwa hesabu ya methali, mtalii wa siku moja ni mgeni ambaye jembe halimfikii kamwe. Siku zote yuko kwenye siku ya kwanza.

Si kwamba ni mwizi. Analipa kiingilio kupitia eCitizen, analipa boti, ananunua samaki Dunga. Lakini bei aliyolipa na gharama aliyosababisha si kitu kimoja, na anayepanga ndiye anayeamua gharama ipi iandikwe kwenye bajeti na ipi ifichwe.

Tuanze na boti. Tuchukue mfano kwamba boti ni shilingi 12,000 na jaketi za kuokolea maisha ziko kumi na mbili. Watu kumi na wawili, kila mmoja 1,000. Halafu anatokea mjanja wa hesabu: "Si tuingie kumi na wanane? Itakuwa kama 670 hivi kila mtu." Bei imeshuka kwa theluthi moja na kila mtu anashangilia. Lakini 330 alizookoa kila mmoja zimetoka wapi? Hazikutoka kwa mwenye boti, kwa maana yeye bado anapata 12,000 zake. Zimetoka kwa watu sita watakaokaa juu ya maji bila jaketi. Wao ndio wanaolipia punguzo la wote, na sarafu wanayolipia ni bahati.

Ziwa letu halina mzaha na hesabu za aina hiyo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania. Kiliundwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Watu waliokuwa nchi kavu waliona kwa macho, kwa sababu safari ilikuwa imebaki kidogo sana kuisha. Ukisoma habari kama hiyo unatafuta mtu mmoja mwovu, na mara nyingi humpati. Unakuta watu wengi wa kawaida, kila mmoja ameongeza kidogo tu.

Kuna pia saa. Wavuvi hupenda asubuhi. Mchana jua likishapasha nchi kavu, upepo hutoka ziwani kwenda bara na mawimbi huamka. Kwa hiyo mpango wa kukaa kisiwani hadi saa kumi na moja "tupige picha za machweo" una gharama yake, na ya kwanza kuilipa ni mikono ya nahodha, ambaye hakuulizwa. Yeye hawezi kukataa kirahisi. Ana mafuta ya kununua na watoto wa kulisha, na wateja ni wachache. Ukimwambia mtu mwenye shida, "Ongeza tu watu, tutakuongezea kitu," usijidanganye kwamba mmekubaliana kama watu wawili walio huru.

Gharama ya pili iko kwenye kimya. Katika kila kundi kuna mtu ambaye pesa zikitajwa anaacha kuandika. Anasoma, alama mbili za buluu zinaonekana, lakini hasemi. Wiki inapita, majina yanaorodheshwa, la kwake halipo, na mtu anasema, "Huyo huwa hapendi kutoka." Kwa Ekegusii tuna neno *ensoni*, aibu, ile aibu inayomzuia mtu kusema jambo mbele ya watu. Ensoni ni kitu kizuri ikimzuia mtu kutukana wazazi. Ikimzuia kusema "sina elfu moja" mbele ya watu aliosoma nao, imegeuka kufuli. Na anayepanga akijua kufuli iko hapo na akaendelea kama kwamba mlango uko wazi, amemfungia mtu nje huku akisema hakumkataza.

Mtu atauliza: kwani mlipiwe nyote? Urafiki ni harambee? Swali ni la haki. Hakuna sheria ya maadili inayosema kila raha lazima igawanywe sawa, na kuna watu ambao wangeumia zaidi kulipiwa kuliko kuachwa. Ila wazee wetu walikuwa na dawa ambayo haikuwa zawadi wala deni la pesa. Katika *risaga* na *egesangio*, majirani walilimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Asiye na ng'ombe alikuwa na mikono, na mikono ilihesabiwa. Mpango wa safari unaweza kuhesabu mikono pia. Mmoja apike usiku kucha, mmoja ashike kamera, mmoja aende Kisumu mapema kuongea na wenye boti, na kazi hizo ziandikwe kwenye orodha ileile ya michango bila kueleza nani amefanya kipi kwa nini. Mchango ukiwa na sura nyingi, kimya hakitakuwa njia pekee ya kulinda heshima.

Gharama ya tatu ni ya kisiwa chenyewe, ambacho hakiko kwenye kundi la WhatsApp. Spika tunayotaka kubeba haina shida kwetu, ila swala waliomo hawana pa kukimbilia. Pande zote ni maji. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za Kenya, miaka karibu mitatu baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017. Sheria ipo, sawa. Lakini soda za chupa ya plastiki ni rahisi kubeba, na askari wa wanyamapori hawezi kukagua kila begi. Hapo sheria inaishia na wewe unaanzia.

Tena ng'ambo kidogo ya kisiwa, huko Seme, kuna watu wanaokiangalia kila asubuhi. Kwao kisiwa ni ardhi ambayo hawawezi kulima, kuchunga wala kukata kuni, ili wanyama wabaki na sisi wageni tuwaone. Huenda ni uamuzi mzuri. Mimi naona ni mzuri. Lakini uzuri wake hauondoi ukweli kwamba mtu fulani anajinyima kila siku kwa ajili ya picha yangu ya siku moja. Kama ninaweza kukodi boti kwao, kununua chakula kwao na kuwasalimia kama watu, hiyo si sadaka. Ni sehemu ya bei.

Sasa kuna pingamizi ambalo nimelisikia na ninaliheshimu. "Jameni, tuacheni tupumue. Mwalimu wa BOM anafundisha mwaka mzima kwa malipo ya kubahatisha, siku moja akitaka kuona maji unamwekea mahakama." Ni kweli, raha ni haki, na maskini akistarehe hukaguliwa kuliko tajiri. Wenye katamarani hawaandikiwi insha. Lakini kuuliza nani analipa si kuharibu raha. Anayeharibu raha ni yule anayeficha swali mpaka lijitokeze lenyewe katikati ya ziwa. Mwaka wa 1795 Immanuel Kant alipendekeza kipimo kinachotosha hata kwa mpango wa boti: jambo linalogusa haki za wengine si la haki kama haliwezi kutendwa bila kufichwa. Kwa lugha ya kwetu, usome mpango wako kwa sauti mbele ya kila mtu atakayeulipia. Ukiona kuna mstari unataka kuuruka nahodha akiwa anasikiliza, au yule aliyenyamaza, au mama wa Seme, basi huo mstari ndio wenye shida.

Na kuna mtu mmoja zaidi wa kusomewa, ambaye sisi wa milimani humsahau kabisa: anayeishi chini ya mto. Tunazungumza kama kwamba mazingira yanaanza pale langoni panapolipwa kiingilio. Lakini mto Gucha unaanzia Kiabonyoru, hapahapa Nyamira, ukateremka hadi ziwani. Vijito vingi vya kaskazini mwa kaunti vinaingia Sondu, na Sondu humwaga maji yake ndani ya Ghuba ya Winam, ghuba ileile yenye Ndere. Udongo mwekundu unaooshwa kwenye mashamba yetu yaliyolimwa hadi ukingoni, na mbolea iliyomo ndani yake, huishia huko. Gugu maji, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likiziba fuo za Kisumu na kufunga njia za boti, hustawi kwa chakula hicho. Wakati mwingine boti ya kwenda Ndere hukwama kwenye kijani ambacho sehemu yake tulikituma sisi wenyewe.

Ziwa nalo halinyamazi. Ile mvua ya alasiri inayotukuta sokoni Keroka au Kebirigo karibu kila siku ya msimu, unyevu wa ziwa una mkono mkubwa ndani yake; upepo huupandisha mchana hadi milimani kwetu. Tunatuma udongo, tunaletewa mvua. Kama kuna mtu anayeweza kusema yeye ni mgeni tu wa ziwa hili, si mtu wa Nyamira.

Ndiyo maana nadhani jembe la methali halikupotea. Mgeni wa siku moja hawezi kulishika kisiwani, lakini linamngoja nyumbani. Mwaka wa 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya vyanzo vya maji. Pita leo kwenye mabonde yetu uone ngapi bado imesimama na miguu ndani ya kijito. Mikaratusi ni karo ya shule na paa la nyumba, najua, na hakuna anayeikata kwa kuimbiwa. Lakini kurudisha nyuma mstari mmoja, hatua chache tu kutoka majini, na kupanda matete au miti ya asili pale, ni kazi ya Jumamosi moja kwa watu kumi na wawili.

Kwa hiyo kwenye bajeti yetu, chini ya boti, jaketi, kiingilio, mchele na nauli, nimependekeza mstari ambao hauna shilingi mbele yake: Jumamosi inayofuata, saa mbili asubuhi, kila mtu na jembe lake, kijitoni. Mpaka naandika hivi, watu saba wameweka kidole gumba. Watano wamesoma na kunyamaza, na safari hii najua kwamba shida si elfu moja.