Pima Kabla ya Posa, Mwanangu

Mwanangu, minada ya korosho ikishafanyika hapa Newala, harusi hufuatana. Pesa imeingia, kijana anataka kupeleka posa, binti naye anahesabu siku. Sikukatazi. Hata sisi tulikuwa na haraka hiyohiyo. Ila kaa kidogo, kunywa chai yako. Nina jambo la kukuambia kuhusu damu yako.

Ni ugonjwa wa selimundu, ule mnaouita sikoseli. Inakadiriwa kwamba kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao hapa Tanzania. Nchi zinazotuzidi duniani ni chache mno. Kwa hiyo usidhani ni habari ya watu wa mbali. Umo Masasi, umo Newala, umo katika koo zetu.

Sisi wazee wako tulizika watoto bila kujua kilichowaua. Dada yangu alijaliwa mtoto mnene, mcheshi, anayekwenda kwa kila anayemnyooshea mikono. Alipopita miezi sita, viganja na nyayo zake vikavimba, ngozi ikabana hadi ikang'aa. Ukimgusa kidole, analia mpaka sauti inamkauka. Macho yakawa ya manjano. Tukamkanda kwa majani. Tukasema kuna jirani aliyemsifia mno. Mjomba akaitwa, mganga akatafutwa, mbuzi akatolewa. Hospitali tuliiweka mwisho. Mtoto hakufikisha miaka miwili. Mume naye akaondoka, kwa kuwa watu wa upande wake walisema mkosi uko kwa mama.

Laiti tungejua, mwanangu. Chembe nyekundu za damu hutakiwa kuwa za duara na laini, ili zipenye kwenye mishipa midogo. Za mgonjwa hujikunja zikawa na umbo la mundu, zikakwama njiani. Pale zilipokwama, mwili unakosa hewa, na hayo ndiyo maumivu. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu damu hupungua na macho hugeuka manjano. Na ile miezi ya mwanzo mtoto alipokuwa na afya njema, alikuwa akikingwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Hiyo ilipopungua, ugonjwa ukajitokeza. Jirani wa watu hakuwa na kosa lolote.

Wala dada yangu hakuwa na kosa peke yake. Mtoto hawezi kuugua selimundu kwa kurithi upande mmoja tu. Ni lazima apokee kinasaba cha ugonjwa kwa baba na akipokee pia kwa mama. Aliyepokea upande mmoja ni mbebaji. Analima, anacheza ngoma, anazeeka, wala hajui. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo penye mbu wengi kama huku kwetu, wabebaji nao ni wengi. Hakuna laana hapo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi hukosea. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, mwanangu. Usije ukaambiwa kwamba kwa kuwa wa kwanza ameugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Hesabu huanza upya kila mara.

Ndiyo maana nakuomba upime kabla hujatuma mshenga. Siku hizi kuna vipimo vya haraka: tone moja la damu kidoleni, na jibu linatoka baada ya dakika chache. Najua mnaogopa majibu. Sisi tuliogopa hata sindano yenyewe, kwa zile hadithi za mumiani wanaonyonya damu za watu. Lakini damu ya hapa kwetu imeshausaidia ulimwengu. Homa ya chikungunya, inayotajwa leo hadi India na Brazil, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza huku kwenye uwanda wa Makonde katika mlipuko wa 1952. Damu ya wagonjwa wa hapa ndiyo iliyochunguzwa maabara kule Entebbe mpaka kirusi chake kikajulikana.

Mkikuta wote wawili ni wabebaji, sikuambii muachane. Uamuzi ni wenu. Ninachotaka ni mwamue mkiwa mnajua, na mtoto akizaliwa apimwe mapema, kabla vidole havijavimba.

Na akikutwa nao, hapo ndipo subira inapotakiwa. Kule Hospitali ya Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa miaka. Katika wagonjwa 1,725 waliowaandika, 86 walifariki katika kipindi cha utafiti, na waliokuwa hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Ukimvusha mtoto miaka hiyo, umemvusha pabaya.

Kumvusha ni kazi ya kila siku, haina sherehe. Ni penisilini asubuhi na jioni mpaka atimize miaka mitano. Ni chanjo zote, bila kuruka hata moja. Ni chandarua kila usiku. Ni kumpapasa chini ya mbavu za kushoto, uone kama bandama limevimba ghafla. Akipata homa, aende hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwa usiku. Ni blanketi mwezi wa saba, baridi ya huku juu inapouma, maana baridi huamsha maumivu. Na ni maji. Mama zetu walishuka mabondeni kufuata maji, wakapanda nayo kichwani, kwa hiyo tulizoea kunywa kwa kubana. Mtoto huyu usimbanie. Mwili ukikauka, chembe hujikunja zaidi. Kwenye nyumba hiyo kikombe chake kijazwe kwanza.

Kuna pia dawa ya haidroksiyurea. Huufanya mwili utengeneze tena ile himoglobini ya utotoni iliyokuwa ikimkinga. Wako waliohofu kwamba huku kwenye malaria ingeleta madhara. Basi ikajaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria yenyewe ikashuka karibu nusu. Ila haitaki pupa. Humezwa kila siku, damu hupimwa mara kwa mara, na nafuu huja baada ya miezi. Wengi huiacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi. Usiwe mmoja wao.

Utasikia pia habari za tiba kubwa. Ni za kweli. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, uloto ukitoka kwa ndugu zao wanaolingana nao kwa tishu. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Uingereza iliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba iitwayo Casgevy. Nayo huiamsha himoglobini ileile ya utotoni. Marekani bei yake iliwekwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Naomba uhai wa kuiona ikifika kwenye hospitali zetu za Mkomaindo na Ndanda. Lakini atakayeifaidi siku hiyo ni mtoto aliyefikishwa akiwa hai, na kinachomfikisha ni chandarua, penisilini, maji na mzazi asiyechoka kwenda kliniki.

Jambo la mwisho. Watoto hawa huishiwa damu ghafla, na hospitali haiwezi kuitengeneza. Watu wa Damu Salama wakija kukusanya damu shuleni au sokoni, nyoosha mkono wako.

Nasi tulikuwa wakali kwa wenye watoto wagonjwa. Tuliwanong'ona, tukawaachia mzigo wanawake peke yao. Usiurithi ukali huo. Ukimsikia mtu anamlaumu mama wa mtoto mwenye selimundu, mkumbushe kwamba baba naye ametoa sehemu yake.

Basi nenda, mwanangu, mkapime wewe na mwenzako. Majibu yakishatoka, ndipo mshenga atumwe.