Ganda la Kitunguu

Kitunguu kilichoanikwa vema hujivika maganda membamba kama karatasi. Maganda hayo ni sehemu za chini za majani, zilizokauka zikawa ngao ya nyama iliyo ndani. Hewa ikikauka kupita kiasi hupasuka na kuanguka. Ikizidi unyevu hulegea, mizizi huchipua, na kuvu nyeusi hutambaa kati ya ganda na nyama. Kwa hiyo wenye maghala hupenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na uchanja unaopitisha upepo.

Sasa mtazame mchuuzi wa Mombasa aliyepokea magunia kutoka Kieni, huko Nyeri. Hewa ya pwani haikawii kuyatia maganda madoa meusi. Naye huketi asubuhi akaambua ganda la nje, kitunguu kikang'aa kama kilichovunwa jana. Je, amekisafisha au amekificha?

Swali hili ni kongwe. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika juu ya wanafalsafa wawili. Diogenes alisema kwamba muuzaji akitaja kasoro zilizoamriwa na sheria, wala asidanganye, halazimiki kusema zaidi. Antipater alitaka kila ajualo muuzaji, mnunuzi naye alijue. Waislamu nao husimulia kwamba Mtume Muhammad alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta majimaji chini. Mwenyewe akasema ni mvua; akaulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakione.

Mimi naona kuambua peke yake si kosa. Hata mpishi huambua. Mama anunuaye vitunguu vitatu vya mchuzi wa jioni hapotezi kitu. Lakini mwenye hoteli anunuaye gunia la mwezi mzima ananunua siku zijazo, na lile ganda lenye madoa lilikuwa shahidi wa siku hizo. Kumwondoa shahidi kisha kunyamaza ni kudanganya, ijapokuwa halikutamkwa neno la uongo.

Mchuuzi atateta kwamba akisema, bei itashuka, na watoto wake wanadaiwa karo. Teto hilo lina uzito, wala silidharau. Hata hivyo hasara haikutoweka. Imehamia kwa mtu ambaye hakuulizwa kama aweza kuibeba. Naye pengine ana watoto wa karo vilevile. Angeambiwa, "Bwana, hivi vimepigwa na unyevu, vitumie juma hili," huenda angalichukua nusu gunia kwa bei pungufu.