UKUBWA WA MBINGU NA DAMU YA MTU MMOJA



Tunamshukuru Allah aliyetukutanisha tena Ijumaa hii, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad:

Tangu Oktoba 2014, huku kwetu Beni tumezika watu wengi waliouawa mashambani na vijijini. Sikiliza namna tulivyozoea kuambiana asubuhi: "Jana usiku ni wawili tu." Neno hilo "tu" ndilo tunalotaka ulifikiri leo. Tulipime kwa kitu kikubwa kuliko vyote tunavyoviona, yaani mbingu.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri na mwanafizikia wa Ubelgiji, alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitangaza vipimo: kadiri kundi kubwa la nyota lilivyo mbali nasi, ndivyo linavyozidi kwenda mbali kwa kasi. Fikiri donge la mkate lenye karanga ndani: likiumuka, kila karanga inaachana na mwenzake. Wataalamu wanakadiria kwamba kutanuka huko kulianza miaka miliari 13,8 iliyopita.

Na nyota bado zinazaliwa. Toka nje usiku wa Januari usio na mawingu, utazame Jabari: nyota tatu za mkanda, na upande wake wa kusini ukungu hafifu. Kule gesi na vumbi vinavutana, vinasongamana, vinapata joto, mpaka hidrojeni iliyo katikati inafikia nyuzi karibu milioni 10 na kuanza kugeuka heliamu. Hapo nyota imewaka. Nuru unayoiona imesafiri takriban miaka 1300. Ilitoka huko zama za Banu Umayya.

Mbele ya hayo, nafsi huuliza: mimi ni nini? Na mwenye moyo mgumu hujibu: si kitu, wawili wakifa, dunia haipungui.

Ndugu yangu, jibu hilo linapima thamani kwa ukubwa. Je, kuna mama anayempima mtoto wake kwa mlima Ruwenzori? Nyota ni kubwa, lakini haijui kwamba inawaka, haina wa kuililia, wala haitaulizwa juu ya matendo yake Siku ya Kiyama. Wewe uliye mdogo unajua, unapenda, na utaulizwa. Tena chuma kilichomo ndani ya damu yako kilipikwa katika nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Damu iliyotayarishwa kwa miliari za miaka, panga linaimwaga kwa dakika moja.

Basi ukubwa wa mbingu haufanyi damu kuwa rahisi. Unatuonyesha gharama yake. Sura al-Maida, aya ya 32, inaiweka nafsi moja iliyouawa bila haki katika mizani pamoja na watu wote. Na anayeua huku akidai jina la Uislamu, aya hiyo inamshtaki yeye kwanza.

Kwa hiyo ukisikia hesabu ya wafu kwenye radio, uliza majina yao. Nenda matangani, hata kwa jirani asiye wa dini yako. Na neno "tu" liondoke midomoni mwetu.

Allah awahifadhi watu wa Beni na Butembo, na azilainishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.