Kunakili Kazi ya Mtu: Jee, ni Wizi au si Wizi?

Liko swala moja ambalo vijana wa miji yetu ya pwani huulizana barazani, na wakubwa wao huwajibu kwa neno moja kisha wakayageuza mazungumzo. Swala lenyewe ni hili: mtu aliyepakua sinema kutoka katika intaneti, akaigeuza umbo kwa kompyuta, akaichoma juu ya sahani ya DVD ili ichezwe katika deki ya nyumbani, jee, ametenda kosa? Na akiiuza sahani hiyo, jee, pesa aliyoipata ni halali yake? Wako wasemao, "Huo ni wizi mtupu." Na wako wasemao, "Wizi wa nini, ilhali mwenye kitu angali nacho?" Majawabu haya yote mawili ni mafupi kupita kiasi, na jawabu fupi katika jambo la halali na haramu humwacha muulizaji palepale alipokuwa. Basi natulitazame jambo hili kwa utulivu.

Huenda msomaji akasema kuwa sahani zimepitwa na wakati, na kwamba wengi sasa hujaziwa sinema katika flashi. Ni kweli wengi wamehama, lakini deki zingaliko katika nyumba nyingi, khasa za wazee wetu, na hukumu ya flashi haitafautiani na hukumu ya sahani.

Kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe, maana hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. DVD zilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1996. Sahani ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, kiasi cha kutosha sinema ya saa mbili. Lakini deki haisomi kila unachoipa. Imefundishwa umbo moja la picha liitwalo MPEG-2, na katika nchi zilizofuata mtindo wa PAL, kama Kenya, picha hiyo huwa na nukta 720 kwa 576, na picha 25 kwa kila sekunde, zote zimepangwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Sinema iliyopakuliwa mara nyingi huja katika umbo jingine, kama MP4, lililobanwa zaidi. Kwa hivyo fundi hana budi kuifungua na kuisuka upya, picha kwa picha, kisha mwangaza wa leza uchome alama katika tabaka la rangi la sahani tupu. Kazi hii hula muda, na pengine huharibika katikati ikawa sahani ni ya kutupwa.

Tumeyaeleza haya kwa sababu hapa ndipo lilipo tegemeo la mwenye duka. Yeye husema: "Mimi siuzi sinema. Nauza sahani niliyoinunua, na umeme ninaoulipia, na saa zangu nilizokaa mbele ya kompyuta. Hilo ni jasho langu, na jasho la mtu ni halali yake." Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani kweli ametoka jasho. Lakini na tuipime. Mwambie achukue saa zilezile na umeme uleule, achome juu ya sahani picha za ukuta mweupe kwa muda wa saa mbili, kisha aiweke dukani kwa bei ileile. Jee, atapata mnunuzi? Hatampata. Basi imedhihirika kuwa mnunuzi hakulipia sahani wala umeme. Amelipia kile kilichomo ndani, na hicho kilichomo kina watu waliokitengeneza. Sharia yetu inajua ujira, nayo imeuhalalisha. Lakini haikuacha kuuliza: ujira wa kazi gani? Mchukuzi aliyebeba gunia la mchele huku akijua kuwa si la huyo aliyemkodi, kweli ametoka jasho, lakini jasho lake halikuligeuza gunia likawa halali.

Sasa twende kwa yule asemaye kuwa hapana wizi mahali ambapo mwenye kitu hakupungukiwa. Hapa lazima tumpe haki yake, maana ana sehemu ya ukweli. Wizi katika istilahi ya mafakihi ni jambo lenye mipaka yake: ni kuichukua mali ya mtu kwa siri, kutoka mahali pa kuhifadhiwa, nayo iwe imefikia kiwango maalumu. Anayenakili faili hakuvunja mlango wala hakukiondoa kitu mahali pake. Kumwita mwizi kwa maana hiyo ni kulitumia neno pasipo pake. Lakini kosa la mtu huyu ni kudhani kuwa kila kisichokuwa wizi basi ni halali. Kunyang'anya si wizi, wala khiyana si wizi, wala kughushi mizani si wizi. Na yote hayo yamekatazwa. Qurani katika Sura ya al-Baqara na an-Nisaa imetukataza kulana mali zetu kwa njia za batili, na mlango huo ni mpana kuliko mlango wa wizi.

Basi swala la kweli ni hili: jee, kile kilichomo ndani ya sahani ni mali? Hapa wanavyuoni wametafautiana tangu zamani juu ya asili ya jambo. Mahanafi hawakuihesabu manfaa peke yake kuwa ni mali, maana kwao mali ni kile kiwezacho kushikwa na kuwekwa akiba. Ama wengineo, nao ni pamoja na Mashafii ambao madhehebu yao ndiyo tuliyolelewa nayo katika pwani hii, wameihesabu manfaa kuwa ni mali. Kukaa katika nyumba ni mali, ijapokuwa huwezi kukutia mfukoni. Kwa hivyo si ajabu kuwa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa Pakistani, ambako Uhanafi ndio ulioenea, Mufti Muhammad Shafi aliikataa haki ya mtunzi kuzuia kitabu chake kisichapwe na wengine, na mwanawe, Muhammad Taqi Usmani, akaikubali. Na mwezi wa Disemba 1988 Baraza la Fikihi ya Kiislamu la kimataifa lilikutana Kuwait, likaamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali kwa dasturi ya watu, na haijuzu kuzivamia.

Yafaa kuizingatia ile sababu yao ya dasturi. Zamani mtunzi hakuishi kwa kuuza nakala. Aliishi kwa ufundishaji, au biashara, au ukarimu wa wenye nacho. Mwandishi aliyenakili kitabu kwa mkono alilipwa kwa mkono wake, na nakala moja ilimchukua majuma na miezi, kwa hivyo hakuweza kumdhuru mtunzi hata akitaka. Siku hizi mtu hutumia fedha na miaka kutengeneza kitu, naye hana njia ya kuzirudisha ila kwa kuuza nakala. Na mwingine aweza kutoa nakala elfu kabla ya jua kuchwa. Hali ilipogeuka, dhara iliyokuwa haipo imepatikana, na kuondoa dhara ni katika misingi ya sharia.

Hapa ndipo huletwa hoja iliyo nzuri kuliko zote. Husemwa: "Lau wazee wetu wangaliogopa kunakili, tungalibaki na nini?" Ni kweli. Mji wa Siyu ulisifika kwa waandishi waliokuwa wakinakili misahafu kwa khati nzuri. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 kumusia binti yake, na laiti wanawake wa Lamu na kwingineko wasingaliunakili mkono kwa mkono, usingalitufikia. Lakini tazama vipi walivyonakili. Hawakulifuta jina la mtunzi, wala hawakumnyima alichokuwa akikitaraji. Yeye alitaka maneno yake yaenee, nao wakayaeneza. Mfano wake leo ni mawaidha. Sheikh anayerikodiwa msikitini ili watu wanufaike, akaruhusu, basi kumnakilia jirani mawaidha hayo ni kheri, maadamu hukuyakata ukayageuza maana. Tafauti ya mlango huu na mlango wa duka la sinema haiko katika leza wala katika sahani. Iko katika idhini.

Wala uadilifu hautaki tumlaumu mnakilishaji tu tumwache mwenye mali. Makampuni makubwa nayo yana ya kuulizwa. Wameigawa dunia kwa sehemu, na deki ya sehemu moja haikubali sahani ya nyingine. Kenya imetiwa katika sehemu ya 5, na nchi za Ghuba katika sehemu ya 2. Hata ndugu yetu aliyenunua sahani kwa pesa yake halali huko Dubai, akaja nayo Mombasa, aweza kuona deki yake inaikataa. Huyu amelipa, na kitu chake amezuiliwa. Mwaka 1999 ilienea programu iitwayo DeCSS, ya kufungua kufuli la DVD, na kijana mmoja wa Norway, Jon Lech Johansen, alishitakiwa kwa ajili yake. Mahakama ya kwao yalimwachilia mwaka 2003, na yale ya rufaa yakathibitisha mwaka uleule, kwani mtu ana haki ya kukitazama alichokinunua. Marekani nayo, mwaka 1984, Mahakama yake Kuu ilihukumu kuwa mtu kurikodi kipindi cha televisheni nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa.

Na liko la muda. Uingereza ilipoweka sharia ya kwanza ya namna hii mwaka 1710, mtunzi alipewa miaka 14, na 14 mingine akiwa hai. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeiwekea sinema miaka 50. Mwenye kusema kuwa muda huo ni mrefu ana haki ya kusema, na ya kudai sharia ibadilishwe. Lakini dhulma ya tajiri haimhalalishii maskini mali ya mtu wa tatu. Na mara nyingi huyo wa tatu ndiye anayeumia zaidi. Kampuni kubwa ya ng'ambo haitafungwa mlango kwa sahani za mjini kwetu. Lakini mfikirie kijana wa hapahapa aliyekopa, akawakusanya wenziwe, wakatengeneza mchezo kwa Kiswahili chetu; nakala zikafika madukani kabla hajarudisha pesa ya taa. Huyo hatatengeneza wa pili. Kisha sisi tutakaa barazani tulalamike kuwa watoto wetu wanatazama mambo ya wageni tu.

Kwa hivyo hukumu yafaa ipambanuliwe, isiwe ya fungu moja. Mwenye kuchukua filamu ya harusi ya mwanawe iliyotumwa kwa simu, akaichoma ili bibi mzaa mama aione katika deki yake, huyo hana lawama, bali amefanya wema, na fundi aliyemsaidia ujira wake ni halali safi. Mwenye kuinunua sahani, akaweka nakala moja nyumbani kuchelea mikwaruzo, sioni kuwa amemdhulumu mtu. Aliyenakili kitu ambacho mwenyewe ameruhusu, naye pia. Mwenye kumpa jirani nakala ya kile ambacho jirani angeweza kukinunua, huyo amefanya ukarimu kwa mali isiyokuwa yake, na bora ajizuie; akitaka, na amwazime sahani yenyewe. Ama aliyefungua duka, akachoma na kuuza kazi za watu bila ya idhini yao, huyo anakula haki za watu, hata kama ushuru wa duka ameulipa na salamu zake ni za upole.

Twajua kuwa maneno haya ni mazito kwa kijana anayemlisha mama yake kwa duka hilo. Hatumwambii alifunge akalale njaa. Twamwambia kuwa mkono wake unajua kazi ambayo mji unaihitaji. Katika makabati ya nyumba zetu zimejaa kanda za video za zamani, za harusi na maulidi na mawaidha ya masheikh waliokwisha kutangulia mbele ya haki, nazo zinaota ukungu kwa unyevu wa pwani. Deki za kuzichezea hazitengenezwi tena. Sahani za kuchoma nazo hazidumu milele, kwani rangi yake hufifia kwa joto na jua. Nani atakayeyaokoa hayo kama si yeye? Wenye kanda wapo, idhini i tayari, na ujira wataulipa. Nasi wenye uwezo yatupasa tumpelekee kazi hiyo, tusimhukumu kwa ulimi huku tukitoka dukani kwake na sahani mbili ndani ya kanzu. Kwani muuzaji hasimami bila ya mnunuzi, na katika haki ya mtu wa tatu wote wawili wameshirikiana.