Kitu na Khabari Zake: Je, Kilichotengenezwa Upya Ni Kile Kile?

Wanafalsafa wa Kiyunani waliuliza zamani swali ambalo fundi yeyote wa majahazi angeweza kuliuliza: chombo kilichobadilishwa ubao mmoja baada ya mmoja, hata usisalie hata ubao mmoja wa kwanza, je, ni kile kile au ni kingine? Plutarch ametaja kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa namna hiyo, na wenye kujadiliana wakagawanyika makundi mawili. Huenda msomaji akadhani kuwa hayo ni maneno ya kupitishia wakati barazani. Lakini katika zama zetu swali hilo limeingia minadani na mahakamani, na juu yake hutegemea mamilioni ya fedha, na jambo lililo zito kuliko fedha, nalo ni ukweli.

Katika mji wa Maranello, Italia, kiwanda cha Ferrari kilitengeneza baina ya mwaka 1962 na 1964 magari 36 ya mashindano yaitwayo 250 GTO. Siku zile yalikuwa ni vyombo vya kazi tu. Gari likipitwa na wakati liliuzwa kwa bei duni, na moja katika hayo lilikaa miaka mingi juu ya trela, uwanjani, katika jimbo la Ohio huko Marekani, likipigwa na jua na theluji. Mwaka 2018 gari moja katika yale 36 liliuzwa mnadani California kwa dola milioni 48.4. Chuma hakikugeuka dhahabu. Kilichozidi ni khabari. Mnunuzi hakununua mbio, kwani mbio zinapatikana leo kwa fedha chache mno kuliko hizo. Alinunua kule kuwa hili ndilo lililokuwapo mahali fulani, siku fulani, mkononi mwa dereva fulani.

Basi ikiwa thamani yote imo katika khabari, haina budi wapatikane watu wa kuzichunguza khabari hizo. Na wamepatikana. Wako wapenzi wa magari haya, wengi wao hawamiliki hata moja, waliotumia umri wao kufuata nasaba ya kila gari. Husoma nambari zilizogongwa kwenye chasisi, kwenye injini na kwenye giaboksi, wakazilinganisha na karatasi za kiwandani. Hukusanya orodha za mashindano, hati za forodha na picha kuukuu. Katika picha hutazama mstari wa ribiti, tundu la kupitishia hewa, mahali ilipowekwa taa, mpaka wakaweza kusema: gari hili la picha si lile lililoandikwa, japokuwa rangi ni moja na nambari ya ubavuni ni moja.

Taabu yao ni kuwa gari la mashindano halikuishi maisha ya utulivu. Likigongwa, bodi yake hutupwa ikafuliwa nyingine. Injini ikivunjika, hutolewa ya gari jingine ikatiwa humo. Hutokea mtu akanunua chasisi iliyopinda, na mwingine akachukua injini na mabaki, kisha kila mmoja akajenga gari zima juu ya alichonacho. Hapo magari mawili hudai nambari moja, kama watu wawili wanaodai urithi kwa jina moja.

Mwaka 1990 mzozo wa namna hii ulifika Mahakama Kuu ya London, ingawa gari lenyewe halikuwa la Kiitalia bali ni Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Palikuwa na mapatano ya kuiuza kwa pauni milioni 10, kisha mnunuzi akakataa, akisema kuwa vya asili vilivyosalia ndani yake ni vichache mno. Jaji Otton hakuificha hali hiyo: alikubali kuwa haliwezi kuitwa gari la asili kwa maana ya vyuma vyake. Lakini aliamua kuwa ndilo Old Number One hasa, kwa kuwa mabadiliko yake yalifuatana bila ya kukatika, na wala halikuwapo gari jingine lenye haki ya jina hilo.

Tukiipima hukumu hii tutaona ina hikima. Jambo halikuwa wingi wa vyuma, bali mfuatano usiokatika na ulio wazi. Mwanadamu mwenyewe mwili wake haukai katika hali moja tangu utoto hata uzee, na hakuna awezaye kukana deni la ujanani kwa hoja kuwa aliyekopa alikuwa kijana mwenye nywele nyeusi. Kwa hiyo kutengeneza si dhambi. Fundi aliyefua bodi mpya akaandika kuwa ameifua hakumdhulumu mtu. Dhuluma huanza pale anapoigonga chuma nambari ya kale, akaipaka kutu, kisha akanyamaza. Vyuma ni vile vile katika hali zote mbili. Tafauti ni ulimi.

Atasema msemaji: ni nani aliyedhurika? Tajiri amemuuzia tajiri, naye amefurahi na chake. Mwacheni na furaha yake. Hoja hii inapendeza lakini ni dhaifu. Furaha iliyojengwa juu ya uwongo ni mali ya mwongo. Siku atakapotaka au atakapofichuliwa itaondoka. Tena anayedhurika si mnunuzi peke yake. Yule mwenye gari la kweli hunyang'anywa jina lake, na kila atakayekuja baadaye kutaka kujua lililotukia atakuta kisima kimetiwa sumu.

Na mchunguzi naye ana mtihani wake. Wenye magari hupenda khabari za ushindi tu. Lakini mwaka 1957, katika mbio za Mille Miglia, Ferrari ya Alfonso de Portago ilipasuka gurudumu karibu na kijiji cha Guidizzolo, akafa yeye na mwenziwe Edmund Nelson, na pamoja nao watazamaji tisa, watano katika hao ni watoto. Mbio zile hazikurudi tena katika sura yake ya zamani. Anayeandika nasaba ya magari haya akataja vikombe na asitaje wale watoto, huyo hakusema uwongo, lakini hakutimiza amana. Vivyo hivyo mchunguzi aliyeona nambari ya bandia, akanyamaza kwa kuwa mwenye gari ni rafiki yake au ndiye anayemlipa, amekuwa mshirika.

Kwa haya yote tumefikia jawabu. Kitu huwa kile kile maadamu khabari zake zimefuatana na wenye kuzipokea ni wakweli. Na kikikosa hayo, hata kama kila msumari wake ni wa asili, hatuna njia ya kukijua. Ndiyo maana aliye maskini na shajara yake ya nambari na picha ana mamlaka juu ya kitu ambacho milioni 48 hazikuweza kukipa ukweli. Fedha hununua gari. Ushahidi haununuliwi, na ukinunuliwa huwa si ushahidi tena.