Lawama ya Maji Yaliyomwagika

Mtoto akimwaga maji nyumbani, lawama humfikia kabla ardhi haijakauka. Huambiwa kwamba ni mzembe, au kwamba akili yake ilikuwa mchezoni. Ni nadra mtu kukigeukia chombo na kuuliza kilivyoumbwa. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Usemi huo humfunza aliyepata hasara kustahimili, lakini haumwambii nani aliyeileta. Yafaa basi tujiulize: je, mtengenezaji wa chombo anawiwa chochote na mtu asiyemjua, atakayekiinamisha chombo hicho siku moja mahali asipopajua?

Katika nyumba za zamani za uwanda wa juu wa Ufipa, kama zile za Mpui, na katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtungi wa maji ulikuwa na mahali pake pa kukaa, wala haukuinamishwa ovyo. Aliyetaka maji aliyachota kwa kata. Pombe ya ulezi nayo ilichotwa. Kilicho kizito kilitulia, na kilicho chepesi ndicho kilichotembea. Wako watakaosema kuwa hiyo ilikuwa desturi tu. Mimi naona ilikuwa fikra kamili juu ya mkono wa binadamu. Mzee mwenye kutetemeka na mtoto wa miaka saba wote waliweza kujihudumia, kwa kuwa kata haikumdai mtu nguvu zaidi ya maji aliyoyahitaji wakati ule. (Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mepesi: mtungi uliojaa haukumwonea mtu huruma katika njia ya kutoka kisimani.)

Kisha likaja debe, na baadaye dumu la plastiki. Sivibezi vyombo hivi. Dumu halivunjiki upesi, lina kifuniko, na limewapunguzia wengi adha ya safari. Lakini mdomo wake ni mwembamba, kata haipiti. Hapana budi liinamishwe, na dumu la lita 20 likijaa lina uzito unaopita kilo 20. Tena mdomo huo mmoja umepewa kazi mbili zinazopingana: kutoa maji na kuingiza hewa. Nafasi iliyoachwa na maji lazima ijazwe, na hewa isipopata njia yake hupenya kwa nguvu katikati ya maji yenyewe. Ndipo dumu linapogugumia na kurusha maji kando. Chombo kimebadilika, na kazi ya mkono imebadilika pamoja nacho. Lawama peke yake imebaki pale pale ilipokuwa.

Wala haiwezekani kusema kwamba jambo hili lilikuwa halijulikani. Dumu la chuma la petroli lililobuniwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani mwaka 1937 liliwekewa njia ndogo ya hewa mdomoni, pamoja na vishikio vitatu ili watu wawili waweze kulibeba. Waingereza, ambao makopo yao mepesi yalivuja sana katika jangwa la Afrika Kaskazini, waliliona na kuliiga. Na katika Ufipa yenyewe wayeyushaji wa chuma walijenga ilungu, tanuri refu lenye matundu chini, likavuta hewa lenyewe bila mivukuto. Mivukuto ilitumika baadaye katika kintengwe, tanuri dogo la kusafishia chuma. Watu hao waliipa hewa njia yake kwanza, ndipo wakawasha moto. Petroli ya jeshi ilihesabiwa tone kwa tone, basi dumu lake likafikiriwa. Dumu la mafuta ya kula, ambalo ndilo limekuwa mtungi wetu, lilifikiriwa kwa ajili ya mjazaji kiwandani na mpakizi wa lori. Mtoto wa Mpui hakuwamo katika hesabu hiyo.

Uko ubaya mwingine ulio mdogo zaidi kwa macho, nao ni ule mchirizi unaorudi chini ya mdomo wa buli. Markus Reiner aliuandikia mwaka 1956, na mwaka uliofuata Joseph Keller akaeleza kwamba kanieneo ya hewa ndiyo inayousukuma mkondo ushikamane na mdomo. Mdomo mnene wa mviringo huukaribisha mchirizi. Mdomo wenye ukingo mkali huukata. Atazamaye mdomo wa dele la kahawa huko pwani, uliochongoka kama wa ndege, ataona kwamba mafundi hawakuwangoja wataalamu.

Sasa tufikiri juu ya muuza mafuta ya taa. Anajaza kipimo mbele ya mnunuzi, kipimo ni halali. Lakini anapomimina katika chupa, sehemu huchirizika chini ya kipimo na kurudi katika debe lake. Mnunuzi amelipa kamili, akapokea pungufu. Je, ameibiwa? Siku ya kwanza sioni mwizi hapo. Lakini muuzaji akishaona jinsi debe linavyojirudishia, naye akaendelea kukitumia kipimo kile kile, nashindwa kumtofautisha na mwenye kupunja kwa makusudi. Na aliyekiunda kipimo, akijua mdomo wake unachirizisha, ana fungu lake katika kupunja huko.

Atatokea mwalimu aseme kwamba mkono nao hufundishika, na kweli hufundishika. Dumu ambalo mdomo wake uko pembeni likigeuzwa, mdomo ukawa upande wa juu wakati wa kumimina, hewa hupita juu ya maji na maji hutoka kimya. Jambo hilo laweza kuonyeshwa darasani kwa dakika tano, na lastahili kuonyeshwa. Ila mwalimu huyo akumbuke kwamba anamfunza mtoto kukishinda chombo. Mtoto mwingine, ambaye hakuwapo siku ile, jioni atalibeba dumu lile lile hadi jikoni, na mama yake atakuwa anamtazama.